UZI: Kumtafuta askari wa Konfederasi kwenye ukoo wa Wamarekani weusi, karatasi zilipo na zinavyosomwa

MkweWaCarolina:

Wakuu salaam. Humu najua tuko wengi tulioolewa au kuoa Marekani, na watoto wetu siku moja watauliza upande wa pili wa ukoo wao umetokea wapi, kwahiyo naweka hapa kila nilichokijua. Uzi utakuwa mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Mume wangu ni Mmarekani mweusi, kwao North Carolina, ile sehemu ya kati wanayoita Piedmont, mashamba ya tumbaku. Kwenye ukoo wao kuna askari wa Konfederasi, yaani lile jeshi la majimbo ya Kusini lililopigana na serikali ya Washington kuanzia 1861 hadi 1865. Huyo askari alikuwa mzungu mwenye shamba na watumwa, na alizaa na bibi mmoja wa ukoo ambaye alikuwa mtumwa wake. Wazee walikuwa wanalisema hili chini chini tu, baadae baba mkwe akapima DNA akakuta inalingana na ya wazungu wa kaunti ileile, jina la ukoo lilelile. Baba mkwe ana umri mkubwa sasa na anachotaka kukijua ni kimoja: yule bibi alikuwa nani, alizaliwa wapi, mama yake nani. Huyo askari hana haja naye kabisa.

Lakini ndugu zangu, njia ya kumfikia bibi inapita kwa huyo askari, na hili ndo jambo kubwa ninalotaka mlielewe kwenye uzi huu. Sensa ya 1870 ndo ya kwanza kuandika Waafrika wote wa Marekani kwa majina. Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha ya watumwa pembeni, na kwenye ile orodha jina linaloandikwa ni la mwenye mali, chini yake unaona mistari tu: mwanamke, miaka 22, mweusi. Mtoto wa kiume, miaka 3, chotara. Hakuna jina. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4 na karibu wote wameandikwa hivyo. Nilipoiona ile kurasa mara ya kwanza nililia, sitaki kuficha.

Kwahiyo ukifika 1870 ukataka kurudi nyuma zaidi unagonga ukuta, na mlango uliopo kwenye ule ukuta una jina la mwenye shamba. Wosia wake, mirathi ya baba yake, hati za kuuziana, rekodi zake za jeshi. Ukimjua yeye vizuri, alikuwa wapi mwaka gani, alirithi kutoka kwa nani, alioa kwa nani, ndo unaanza kuwaona watu waliokuwa chini ya mkono wake. Ndo maana mimi binti wa Tanga nimekaa nasoma mafaili ya askari wa Kusini usiku kucha.

Ntaendelea hapa chini, nianze na jeshi.

Kipanga_254:

Nimeweka kambi hapa dada. Endelea.

MzeeWaMikindani:

Mwanangu hii kazi ni nzito na ni ya heshima, Mungu akutie nguvu. Ila nieleze kitu, serikali ya Kusini ilishindwa vita, ikafa kabisa. Sasa karatasi za jeshi lake nani alizitunza?

MkweWaCarolina:

Shikamoo mzee. Swali lako ndo la kuanzia.

Mwezi wa nne 1865 Richmond, uliokuwa mji mkuu wao, uliungua wakati wanakimbia, na karatasi nyingi za serikali yao zikaishia humo. Lakini nyaraka za jeshi zilikuwa zimepakiwa kwenye treni kuelekea kusini, na jenerali Samuel Cooper aliyekuwa mkuu wa utawala wa jeshi lao akazikabidhi kwa jeshi la Washington pale Charlotte, North Carolina, badala ya kuzichoma. Huyu mtu kwa kitendo hicho kimoja ametusaidia wengi. Zikapelekwa Washington pamoja na zile zilizotekwa sehemu zingine.

Alafu kuanzia 1903 wizara ya vita, chini ya jenerali mmoja anaitwa Fred Ainsworth, ikaanza kuzipitia zile karatasi zote. Makarani walichukua daftari la mahudhurio la kila kampani (yaani kikosi kidogo cha askari), la mishahara, la hospitali, la magereza ya mateka, na kila jina la askari likitokea wanalinakili kwenye kikadi chake, kikadi kimoja kwa kila mara jina lilipotokea. Vikadi vya mtu mmoja vikawekwa kwenye bahasha moja. Kazi iliisha 1927! Kwahiyo leo ukiomba faili la askari wa Konfederasi, unachopata ni hiyo bahasha, iko kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka kule Washington, na picha zake ziko mtandaoni, Fold3 wanazo (wanalipisha ila maktaba nyingi za umma zimelipia, nenda na kadi yako ya maktaba usome bure), na FamilySearch nao wana nyingi, hao ni bure kabisa unajiandikisha tu.

Ila usianze na bahasha. Anza na tovuti ya idara ya hifadhi za taifa, wale wanaosimamia mbuga na maeneo ya vita, wana orodha ya askari na mabaharia wa pande zote mbili, majina milioni 6.3, bure. Pale unapata jina, rejimenti (kikosi kikubwa chenye kampani kama kumi), kampani, cheo. Kwisha. Na hapo ndo shida inapoanza, maana utakuta majina yanayofanana ishirini au thelathini. Wengi hawakujua kusoma, karani aliandika alivyosikia, herufi zinabadilika kwenye karatasi moja na nyingine. Wengine wameandikwa herufi ya kwanza tu na jina la ukoo.

Kinachookoa ni kaunti. Jeshi la Kusini liliundwa kienyeji, kampani moja ya watu mia hivi ilikuwa inatoka kaunti moja, majirani, mashemeji, ndugu wa damu, wamejiandikisha siku moja mbele ya duka moja. Kwahiyo ukishajua mtu wako 1860 alikuwa anaishi kaunti gani, unatafuta kampani zilizoundwa kaunti hiyo, majina ishirini yanabaki mawili. Alafu unaangalia umri. Usikubali jina kwa sababu tu limefanana, kuna watu wameweka mitandaoni miti ya ukoo mizima imejengwa juu ya mtu siye, na wengine wananakili hivyohivyo, inauma.

Dah, na jambo lingine. Angalia waliojiandikisha naye siku moja kampani moja. Kaka zake, baba mkwe wake, jirani. Hao ndo watatokea tena kama mashahidi kwenye wosia, kama wadhamini wa mirathi, kama wanunuzi kwenye mnada wa mali ya marehemu, na kwenye mnada huo wanauzwa watu.

ShemejiWaHouston:

Dada asante sana kwa huu uzi, nimeingia humu nikajua hii ni ya kwangu. Mimi Mkenya niko Texas, mke wangu mzungu, familia yao wote wanasema babu yao alikuwa kapteni, alipigana chini ya jenerali Lee, yule aliyeongoza jeshi la Kusini kule Virginia, na hakuwahi kumiliki mtumwa. Ukikaa nao chakula cha Thanksgiving ndo hadithi hiyo kila mwaka.

Mke wangu mwenyewe alitaka kujua ukweli kabla watoto hawajakua. Tukafuata. Sasa ninachotaka kuongezea ni pensheni, maana watu wengi wanakosea hapa. Serikali ya Washington haikuwalipa pensheni askari wa Kusini, iliwalipa wa kwake tu. Waliowalipa wa Kusini ni majimbo, na jimbo linalolipa ni lile mzee ANALOISHI wakati anaomba, hata kama alipigania lingine. Babu wa mke wangu alipigana na rejimenti ya Alabama, lakini baada ya vita aliondoka kama maelfu ya wengine akaja Texas, kwahiyo faili lake la pensheni liko Austin, Alabama hakuna kitu. Texas ilianza kulipa 1899, North Carolina 1885, Virginia 1888, Oklahoma ambayo hata haikuwa jimbo wakati wa vita ilianza 1915. Kentucky na Missouri pia walilipa.

Na faili la pensheni lina mambo mengi kuliko bahasha ya jeshi nakwambia. Mzee anajieleza mwenyewe, nilizaliwa wapi, nilijiunga lini, nilijeruhiwa wapi, nina mali kiasi gani maana pensheni hizo zilikuwa ni za maskini, anaweka X yake mahali pa sahihi kama hajui kuandika, alafu wenzake wawili waliopigana naye wanakuja kuapa kwamba tunamjua. Mjane naye anaomba, inabidi athibitishe ndoa, kwahiyo unapata tarehe ya harusi.

Basi kapteni wetu alikuwa praiveti, yaani askari wa kawaida asiye na cheo, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Na hakuwahi kupigana chini ya Lee, alikuwa jeshi la magharibi, Tennessee na Georgia. Na orodha ya watumwa ya 1860 inamwonesha baba yake na watu sita.

Kipanga_254:

Familia walipokeaje?

ShemejiWaHouston:

Mama mkwe alinyamaza, baadae akaja kuuliza kama tunaweza kujua majina ya wale sita. Ndo sababu niko kwenye uzi huu.

MkweWaCarolina:

Shemeji hapo umenigusa, ntalijibu hilo la majina sita chini, lina njia zake. Kwanza nimalizie bahasha inasomwaje.

Tarehe ya kujiunga iangalie kwa makini. Mwezi wa nne 1862 Kusini walipitisha sheria ya kuandikisha kwa lazima wanaume weupe miaka 18 hadi 35, baadae mwaka huohuo ikapanda mpaka 45, na 1864 ikawa 17 hadi 50. Mtu aliyejiunga katikati ya 1861 alijitokeza mwenyewe. Aliyejiunga kiangazi cha 1862 au baadae huenda alikuwa anaikimbia aibu ya kukamatwa tu. Na mwezi wa kumi 1862 ikaja sheria nyingine, shamba lenye watumwa 20 na zaidi linaruhusiwa kubakiza mzungu mmoja nyumbani asiende vitani. Maskini walichukia sana sheria hiyo, walisema hii vita ya matajiri sisi ndo tunakufa.

Alafu kila baada ya miezi miwili kuna kikadi cha mahudhurio: yupo, hayupo, yuko hospitali, ametoroka. Askari wa kwetu alikuwa hayupo mara tatu. Mara mbili hospitali ya Richmond, ile kubwa ya Chimborazo (vita ile magonjwa yaliua watu wengi kuliko risasi, kuhara, homa ya matumbo, surua), na mara moja katoroka kwa miezi, mwishoni mwa 1863. Alirudi mwenyewe. Hiyo miezi aliyotoroka alikuwa nyumbani. Na mtoto wa kwanza wa yule bibi, ambaye ndo babu wa babu wa mume wangu, sensa ya 1870 inasema ana miaka 6. Hesabuni wenyewe. Baba mkwe alipohesabu alitoka nje akakaa barazani muda mrefu na hakuna aliyemfuata.

BintiPangani:

Inaumiza dada. Pole kwa mzee.

Ila naomba kuuliza kitu kinachonisumbua, msinielewe vibaya. Huyu mtu alipigana ili bibi yenu abaki mtumwa. Kumwandikia historia yake, rejimenti yake, vita alivyopigana, huoni kama ni kumpa heshima asiyostahili? Hao wazungu wana masanamu yao tayari.

MkweWaCarolina:

Hujanikosea mdogo wangu, hata mawifi zangu waliniuliza hilohilo na mmoja mpaka leo hataki kabisa kulisikia jina lake, namheshimu.

Mimi nijuavyo, heshima na ukweli ni vitu viwili. Ukiliacha jina lake gizani, yule bibi naye anabaki gizani pamoja naye, maana waliomwandika bibi walimwandika kama mali ya yule mtu. Hakuna faili lenye jina la bibi juu. Kuna faili lenye jina la yule mtu juu na bibi yuko ukurasa wa nne. Mimi nafungua kwa ajili ya ukurasa wa nne.

Na kingine, ukweli unavunja masanamu. Kuna mzee mmoja alikuwa Wilkes kaunti, milimani magharibi ya North Carolina, anaitwa Mose Triplett, habari zake ziliandikwa sana magazetini. Alijiunga na Kusini 1862 akiwa kijana mdogo, akawa rejimenti ya 26 ya North Carolina. Rejimenti hiyo iliingia kwenye vita kubwa ya Gettysburg, Pennsylvania, Julai 1863 na watu 800 na kitu na ikapoteza zaidi ya robo tatu kwa siku tatu, kanali wao Henry Burgwyn alikuwa na miaka 21 tu akafa siku ya kwanza. Triplett hakuwepo. Aliugua njiani akaachwa hospitali Danville, Virginia, akatoroka kabla ya vita yenyewe. Mwaka uliofuata akajiunga na jeshi la Washington upande wa pili! Alirudi akaishi milimani kwao, akaoa tena uzeeni, akapata binti mwaka 1930 akiwa na miaka 83. Huyo binti, Irene, alikuwa anapokea pensheni ya vita ya baba yake kutoka serikali ya Marekani, dola 73 na senti 13 kila mwezi, mpaka alipofariki 2020. Yeye ndo alikuwa wa mwisho kabisa kupokea pensheni ya vita ile.

Ile milima ilijaa watu kama Triplett, watoro, waliojificha mapangoni, waliouliwa na majirani zao. Kule Shelton Laurel, kaunti ya Madison, mwezi wa kwanza 1863 askari wa Kusini waliwapiga risasi wanaume na vijana 13 waliowashuku kuwa upande wa Washington. Kwahiyo ukimfuata askari mmoja mmoja kwa karatasi, lile simulizi kwamba Kusini nzima ilisimama kama mtu mmoja linapasuka. Hiyo ndo faida yake nyingine.

MzeeWaMikindani:

Umejibu vizuri mwanangu.

NdeziMweupe:

Kuna watu huwa wanaposti eti maelfu ya watu weusi walipigania Kusini, eti rekodi zipo za pensheni zao. Ni kweli?

MkweWaCarolina:

Mkuu hili swali nashukuru umelileta kwa sababu hizo rekodi ni za kweli na ni hazina, ila wanazitumia kudanganyia watu.

Wenye watumwa wengi walipokwenda vitani walichukua mtumwa mmoja wa kuwapikia, kufua, kuchimba, kuhudumia farasi, kubeba maiti ya bwana kuirudisha nyumbani. Hawakuwa askari, hawakuandikishwa wala kulipwa. Serikali ya Kusini yenyewe ilikataa kabisa kuwapa watu weusi bunduki mpaka mwezi wa tatu 1865, wiki chache kabla haijasalimu amri. Wakati huohuo upande wa Washington walikuwepo askari weusi kama 179,000, wengi wao waliokimbia kutoka kwenye mashamba hayohayo.

Miaka ya baadae baadhi ya majimbo yakaruhusu wale watumishi wazee waombe pensheni, Mississippi tangu 1888, Tennessee 1921, North Carolina 1927. Kwenye fomu mzee anatakiwa aandike bwana wake alikuwa nani, rejimenti gani, alizaliwa wapi lini. Mnaelewa maana yake? Hapo una karatasi ambayo mtu mweusi aliyezaliwa utumwani anamtaja kwa mdomo wake aliyemmiliki. Kwa anayetafuta ukoo hilo ni jambo adimu sana. Soma fomu hizo, ila zisome kama zilivyo.

Sasa shemeji wa Houston, wale sita. Njia ziko hivi, na mimi ntazieleza kadri zilivyotusaidia sisi.

Mirathi kwanza. Baba wa askari alipokufa, mahakama ya kaunti iliteua watu waorodheshe mali yote, ng'ombe, vijiko, magodoro, na watu, na watu wanaandikwa kwa MAJINA kwa sababu inabidi wagawanywe. Sensa haikutaka jina, mahakama ililitaka. North Carolina mafaili haya ya zamani yako hifadhi ya jimbo pale Raleigh, na mengi FamilySearch wameyapiga picha. Kwetu sisi ndo alipopatikana. Baba wa askari alikufa kabla ya vita, na kwenye mgawanyo, fungu la huyu mtoto wake lina wanawake wawili, mmoja mkubwa, mmoja ameandikwa ni mtoto wake, na jina la huyo binti ni lilelile la bibi wa 1870. Kwahiyo tumempata yeye na MAMA YAKE kwa pamoja. Sitaweka majina humu kwa sababu ni ya familia, lakini baba mkwe sasa hivi anayataja kwenye sala ya chakula.

Ya pili, mishahara ya watumwa. Jeshi la Kusini lilikodi watumwa kutoka kwa wenye mashamba, wakajenga ngome, wakachimba mahandaki, na hela akalipwa mwenye mtumwa. Daftari hizo za malipo ziko hifadhi ya taifa, karibu 6,000, zimepigwa picha na unaweza kuzitafuta kwa jina la mwenye mali. Zina jina la mtumwa, kazi, siku alizofanya. Mara nyingi wanaume tu, ila shemeji kama kati ya wale sita kulikuwa na vijana wa kiume jaribu.

Ya tatu ni baada ya uhuru. Serikali ya Washington ilianzisha ofisi ya kuwahudumia walioachiwa huru, ilikuwepo 1865 hadi 1872, na ina mikataba ya kazi ya mwaka wa kwanza wa uhuru ambapo wengi walibaki shamba lilelile kwa sababu hawakuwa na pa kwenda, kwahiyo mkataba una jina la bwana wa zamani na majina ya familia nzima. FamilySearch bure. Na North Carolina kuna kitu kizuri mno, mwaka 1866 jimbo lilipitisha sheria kwamba waliokuwa wanaishi kama mke na mume utumwani waje waandikishe, walipe senti 25, na karani anaandika wameishi pamoja tangu lini. Si kila kaunti daftari lake limesalia. Lakini ukikuta, unakuta watu waliotoka utumwani mwaka jana tu, hawana ardhi wala viatu, wamepanga foleni na senti zao 25 kuja kusema huyu ni mke wangu tangu 1841. Mimi nikiwasoma hao nasimama kwanza, nanywa maji.

Alabama na Texas hawakuwa na daftari hilo la 1866 kama letu, ila mirathi na mikataba ipo. Anza na kaunti ya Alabama, baba yake yule askari alikufa lini?

ShemejiWaHouston:

1859 kwa mujibu wa jiwe la kaburi. Kwahiyo 1860 ile orodha ni ya nani sasa... itakuwa ni ya mama yake mjane, ngoja nikaangalie upya, jina la kwanza ni herufi tu.

MkweWaCarolina:

Basi una bahati. Amekufa 1859, lazima kuna orodha ya mali ya mwaka huo au unaofuata. Hao sita wamo.

LuluYaGreensboro:

Dada jambo, mimi ni wa Bukavu, nakaa Greensboro, nafanya kazi ya kutunza bibi mmoja mzungu mzee sana. Kaka ya babu yake alikufa kama mateka kule kaskazini, New York, na bibi anasikitika hakuna mtu wa familia alifikaka kwa kaburi. Alikamatwa kwa ngome ya Fort Fisher, huku North Carolina. Je, kaburi inaweza kupatikana?

MkweWaCarolina:

Jambo dada Lulu. Fort Fisher ilianguka tarehe 15 mwezi wa kwanza 1865, na mateka wengi wa pale walipelekwa Elmira, New York, katikati ya baridi kali, watu wa Carolina hawana hata makoti. Elmira ilifunguliwa Julai 1864, walipita kama 12,000 na karibu 3,000 walikufa mle ndani ya mwaka mmoja.

Na kaburi litapatikana, karibu nina uhakika, na mwambie bibi ni kwa sababu ya mtu mmoja anaitwa John W. Jones. Huyu alizaliwa mtumwa karibu na Leesburg, Virginia, 1817. Akatoroka 1844 akatembea mpaka Elmira. Pale akawa mtunza makaburi, na nyumba yake ikawa kituo cha kuwapitisha watumwa waliokuwa wanakimbilia Canada, aliwasaidia kama 800. Ndo huyo mateka wa Kusini walipoanza kufa akapewa kazi ya kuwazika, dola 2 na nusu kwa kila maiti. Alizika 2,973. Kila mmoja akamwandika jina, kampani, rejimenti, tarehe, namba ya kaburi, na ubao juu ya kichwa. Kwenye baadhi ya magereza mengine ya vita ile, maiti zilitupwa mashimoni bila majina. Ya Elmira wasiojulikana ni wachache mno. Wanasimulia kwamba mmoja wao alikuwa mtoto wa mnyapara wa shamba alilolitoroka, akamtambua, akaandikia kwao wakaja kumchukua.

Nimefikiria sana juu ya mtu huyu. Watu waliokuja kupigana ili ndugu zake wabaki kwenye minyororo, na yeye amewaandika mmoja mmoja kwa jina, wakati serikali zao za majimbo na sensa haikuwahi kumwandika mama yake. Leo pale ni makaburi ya taifa ya Woodlawn, mawe yapo, na orodha iko mtandaoni. Dada nitumie PM jina na rejimenti leo usiku nikuangalizie, alafu umpigie bibi picha ya jiwe, wanaojitolea kupiga picha makaburini wako wengi mji ule.

LuluYaGreensboro:

Asante sana dada, Mungu akubariki. Natuma sasa hivi.

Kipanga_254:

Sasa na hao wazungu mlioonana nao kwenye DNA, mmeongea nao?

MkweWaCarolina:

Ndiyo mkuu. DNA peke yake haikumaliza, maana ilionesha ni ukoo ule lakini yule askari alikuwa na kaka zake wawili, DNA haisemi ni nani kati yao. Karatasi ndo zilimaliza, kaka mmoja alikuwa mateka Point Lookout, Maryland, kipindi chote kile, mwingine alishakufa 1862, na huyu ndo yule aliyekuwa nyumbani katoroka.

Baba mkwe aliandika barua mwenyewe kwa mkono, akampelekea mama mmoja wa upande ule. Hakuomba lolote isipokuwa kitu kimoja. Familia nyingi za wenye mashamba zilikuwa na Biblia kubwa ya nyumbani ambayo nyuma yake waliandika vizazi na vifo vyao, na baadhi waliandika humohumo vizazi vya watumwa wao. Ameuliza kama Biblia ile bado ipo na kama wanaweza kupiga picha kurasa za mwisho. Yule mama amejibu kwamba ipo kwa binamu yake South Carolina na atakwenda kuiangalia mwezi ujao. Ikifika ntaweka hapa.

Kwa sasa ninachohitaji ni mtu aliyewahi kufanya kazi na mafaili ya mahakama ya kaunti za kusini ya Virginia kabla ya 1830, kwa sababu mama wa bibi, kwenye ule mgawanyo, ameandikwa kwamba alitoka huko na mke wa yule baba wa askari, kama sehemu ya mali aliyokuja nayo kwenye ndoa. Mwenye uzoefu anijibu hapahapa au PM.